Sifa za Mzigo Mmoja

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ndiyo maana wengi wetu tumekuwa wachoyo wa sifa hata panapostahili. Mimi leo nasifu bila woga, kwa kuwa mgema wangu alikwisha kulitia maji tembo lote kabla sijafungua mdomo, na hana tena cha kuharibu. Namsifu mwenye kampuni ya kuhamisha vyombo aliyenihamisha kutoka Dar es Salaam kuja Buswelu. Jina lake silitaji. Kwanza, mtenda wema haulizwi jina. Pili, hata nikitaka kulitaja sijui nishike lipi: ukutani palikuwa na jina moja, kwenye risiti la pili, na nilipotuma pesa kwa simu likajitokeza la tatu.

Nilikaa Dar miaka 31. Kama watu wengi wa kanda ya ziwa walioajiriwa huko, nilijenga nyumbani polepole, tofali kwa tofali na likizo kwa likizo, hadi nikapata paa Buswelu. Ilemela ilipomegwa kutoka Jiji la Mwanza mwaka 2012 na makao yake makuu kuwekwa Buswelu, viwanja vya huku vilianza kugombaniwa, hata vile vyenye jiwe katikati. Changu kina jiwe mbele ya baraza, kubwa kama daladala. Nilipanga kulipasua nikishastaafu. Likumbuke jiwe hilo, tutalirudia.

Nilipostaafu ikabaki kazi moja tu: kuvileta vyombo. Kulikuwa na kabati la nguo la mninga lililotengenezwa Keko, kitanda cha sita kwa sita, makochi, meza ya kulia ya watu sita, friji, jiko la gesi, maboksi kumi na moja ya vitabu na sahani, na cherehani ya mama watoto. Wenye malori niliowauliza walinitajia zaidi ya milioni mbili. Kampuni hii ilisema laki tisa, mpaka mlangoni.

Sifa ya kwanza ya kampuni hiyo, basi, ni ulimi. Nimewahi kuhudumiwa na mabenki, hospitali na idara za serikali, wala sijaitwa "mzee wangu" mara nyingi kiasi kile kwa nusu saa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, simu mbili na picha kubwa ya lori jekundu ukutani. Nilikalia kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya. "Mzee wangu," kijana akaniambia, "wewe panda basi lako, usiwaze kitu. Siku ya tatu unatukuta." Nikauliza kama nihesabu vyombo. Akacheka kwa huruma, kama daktari anayeulizwa na mgonjwa kama aje na kisu chake. Akachana risiti kwenye kitabu cha mkono, kwa sababu hakutaka kuisumbua TRA kwa jambo dogo kama laki tisa, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Vitu vya nyumbani, mzigo 1.*

Miaka 31 ikaingia kwenye mstari mmoja. Hakuna mshairi aliyewahi kufupisha maisha ya mtu namna ile.

Anayesifiwa hutajiwa na nasaba, nami sitamnyima. Ukoo wa kazi hii ni mkubwa. Kabla ya lami, na kabla ya reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, mizigo ya njia hii ilipita mabegani na vichwani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na frasila zake kama mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara uliobeba mashua yake, *Lady Alice*, ikiwa vipande vipande. Mwishoni mwa Februari 1875 wakafika Kageye, ufukweni mwa ziwa, si mbali na hapa nilipo. Vipande vikaunganishwa, na mwezi Machi mashua ikaanza safari ya kulizunguka ziwa lote. Siku mia moja na chache kwa miguu, katikati ya njaa, homa na mapigano. Mashua ilitimia, ingawa watu wengi wa msafara ule hawakutimia.

Sasa linganisha. Stanley alilazimika kumlipa fundi huko Uingereza amtengenezee mashua ya kufunguka. Kabati langu lilitoka Dar likiwa zima, na kampuni ikalifungua yenyewe njiani, bila bisibisi wala kunidai nyongeza. Mjukuu amewapita mababu.

Sifa ya pili ni ualimu. Nilisoma jiografia ya nchi hii shuleni nikaisahau, nami naikumbuka tena kwa msaada wa kampuni. Siku ya tatu, niliyoahidiwa kuwa ya mwisho, nilipiga simu. "Gari ipo njiani, mzee wangu." Siku ya nne lilikuwa Singida. Moyo wangu ukatulia. Ukishafika Singida umebakiza kuteremka Sekenke, upite Igunga, Nzega na Shinyanga, halafu unaanza kunusa samaki. Siku ya sita lilikuwa Gairo. Asiyejua mambo angesema lori linarudi kinyumenyume. Mimi nilichukua daftari la mjukuu nikachora ramani. Siku ya tisa likawa limekwama mizani ya Vigwaza, ambako kutoka Dar mtu anafika kabla chai yake haijapoa tumboni. Siku ya kumi na moja simu ikapokelewa na sauti ngeni, ya mtu ambaye bila shaka alikuwa mgeni kazini, kwa kuwa alisema ukweli. "Vyombo vya Buswelu? Hivyo bado vipo hapa stoo, mzee."

Hapo ndipo nilipoielewa hekima ya laki tisa, nami naieleza kwa faida ya wote. Kampuni haikuwa na lori. Ilikuwa na picha ya lori. Malori ya kanda ya ziwa hushuka Dar na mchele, dengu, pamba na dagaa, kisha hupanda na mabati, nondo, sabuni na bidhaa za Kariakoo. Vyombo vya nyumbani ni vyepesi lakini vinakula nafasi. Mwenye lori hawezi kununua mafuta ya zaidi ya kilomita 1,100 kwa kubeba makochi yako peke yake kwa laki tisa. Kwa hiyo dalali anapokea pesa yako leo, anaviweka vyombo stoo, halafu anamsubiri dereva mwenye mzigo mzito na upenyo juu yake. Dereva hupewa sehemu ya pesa, dalali hubaki na sehemu, nawe unasafirishwa kama kiraka: nondo chini, mabati katikati, ndoa yako juu, turubai, kamba. Na mizani ikigoma, kinachoshushwa kwanza ni kilichopo juu.

Lori lililonipata mimi lilikuwa limeshuka Dar na dagaa. Makochi yangu, ambayo hayakuwahi kuvuka Kibaha, yalijua harufu ya Ziwa Victoria kabla ya kuliona ziwa lenyewe. Watu wengine wanahamia Mwanza na inawachukua miaka kuizoea. Makochi yangu yaliteremka yakiwa wenyeji.

Sifa ya tatu ni kubwa kuliko zote, nayo naisema kwa moyo mweupe. Kampuni ilinipa majirani.

Tulifika Buswelu mimi na mama watoto na mabegi mawili. Nyumba ilikuwa nzuri, sakafu ya vigae, na sauti zetu zilirudi kutoka kila ukuta. Usiku wa kwanza tulilala juu ya khanga na koti langu la ofisini. Asubuhi ya pili akaja mama mtu mzima wa nyumba ya juu yetu, ambaye mtaa mzima unamwita mayu. Alitusalimu Kisukuma, *mwangaluka*, nami nikajibu kwa lugha iliyoota kutu kwa miaka 31. Akachungulia ndani, akatazama sakafu tupu, akaguna. "Baba, mtu hakai chini nyumbani kwake kama yuko msibani." Kabla ya saa nne mkeka ulikuwa umefika, na vigoda viwili, na sufuria yenye michembe. Mchana fundi wa kuchomelea mageti, wa barabara ya chini, akaleta godoro la mwanawe aliye shule ya bweni. Jioni likaja jiko la mkaa, na aliyelileta akakaa hadi saa tatu akitueleza maji hutoka siku gani na duka lipi lina mizani ya kweli.

Dar niliishi miaka kumi na miwili ukuta kwa ukuta na mtu ambaye jina lake sikulijua. Nilijua honi ya gari lake. Nakiri kwamba kama lori lingefika siku ya tatu, ningefunga geti, ningepanga makochi, ningewasha televisheni, na Buswelu ningeihamishia Dar yangu nzima. Kukosa kiti ndiko kulikonitoa nje. Na nje kulikuwa na jiwe.

Lile jiwe nililopanga kulipasua lina mgongo bapa upande wa mashariki, na jua likishapita saa kumi huwa na uvuguvugu kama kitanda ambacho mtu ametoka kukilalia. Nikaanza kulikalia jioni. Jirani wa kwanza akaja, wa pili akaja, na ilipotimia wiki ya pili lile jiwe lilikuwa na wazee wanne na bao. Mwanza mtu anaweza kukosa kila kitu, lakini jiwe la kukalia hakosi. Halikupakiwa na mtu, halikupita mizani, na halijavunjika mguu.

Sasa nieleze ushindi wenyewe. Usiku wa kumi na tisa, saa nane, mvua ikinyesha, simu ililia. "Mzee, tupo hapa Nyakato. Gari haipandi huko kwenu." Nikamwambia dereva nimelipia mpaka mlangoni. Akajibu kwa upole kwamba yeye kalipwa mpaka Nyakato, na kwamba "mlangoni" ni maneno ya ofisi. Nikamwamsha kijana mwenye guta. Tulikwenda safari tatu usiku ule, utingo akidai kwanza hela ya kushusha, halafu hela ya chai, ingawa kila kibanda cha chai kilikuwa kimefungwa.

Kulipokucha tulikagua, na hapo nikaiona sifa ya nne, yaani usawa. Kampuni haikupendelea. Haikuvunja vya bei rahisi ikaacha vya bei ghali, wala haikuonea vya baba ikasamehe vya mama. Kabati lilikuja mbao na vipande vya kioo. Kitanda kilikuja bila chaga. Meza ya watu sita ilikuja na miguu mitatu, ikawa meza ya watu wanne wenye tahadhari. Friji lilikuwa na bonde ubavuni ambamo paka wa jirani sasa hulala. Maboksi kumi na moja yalikuwa tisa, na vitabu vilivyolowa vilikuwa vimevimba kama maandazi.

Cherehani haikuwemo. Hapa sifa zangu hukwama kidogo kooni. Kwa cherehani ile mama watoto alishona sare za shule za watoto watano, na mwaka ule mshahara wangu ulipochelewa ndiyo iliyotulisha. Hakulia. Aliuliza tu, "Hata mkasi wake?" Nikamwambia hata mkasi.

Ila kampuni haikutuacha mikono mitupu. Mahali pa cherehani ilituletea baiskeli ya mtoto, ya pinki, yenye kengele, ya familia tusiyoijua. Nimewaza mara nyingi juu ya mtoto huyo. Pengine yuko Nzega au Shinyanga, anauliza baiskeli yake, na baba yake anamwambia ipo njiani. Na pengine mama yake, pembeni, ameshangaa kuletewa cherehani.

Nilipiga simu ofisini. Safari hii nilimpata bosi mwenyewe, na hata yeye aliniita mzee wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wakubwa wengi hawawezi. Kisha akaniomba nichukue risiti.

"Soma, mzee wangu. Imeandikwa mizigo mingapi?"

"Mmoja."

"Na umepokea mizigo mingapi?"

Nikatazama sebule yangu. Mbao, kioo, maboksi yanayochuruzika maji, baiskeli ya pinki. Sikuweza kubisha. Nilikuwa nimebebeshwa mzigo, na ulikuwa mmoja.

Wapo wasiopenda sifa hizi. Mwanangu wa pili, anayejua sheria kidogo, aliniambia magari ya mizigo ya biashara yanatakiwa kuwa na leseni ya LATRA, na kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumdanganya mteja kuhusu huduma. Akaongeza kuwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza mali yake mwenyewe. Kwa hilo la mwisho niliitetea kampuni. Nilikikumbuka kile kiti cha plastiki kilichofungwa waya. Vyombo vyangu walivitunza sawasawa na walivyotunza vya kwao.

Lakini mwanangu aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Baba, ukienda mahakamani, utathibitishaje kwamba kulikuwa na cherehani?" Nilinyamaza. Risiti haikuwa ya mashine, kwa hiyo haikuwa na jina la mlipakodi yeyote. Namba ya lori sikuiandika, kwa kuwa nilipolipa lori lilikuwa bado picha. Simu ya dereva niliipata alipokwisha fika Nyakato. Picha za vyombo sikupiga. Orodha sikuandika, nami ni mtu niliyeshika madaftari ya stoo ya ofisi kwa nusu ya maisha yangu, na kijana mmoja karani aliwahi kupewa barua ya onyo kwa mkono wangu kwa kutokuandika mafagio sita.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa naisoma methali hii kila asubuhi kwenye khanga ya mama watoto, lakini ilinigharimu laki tisa na cherehani kuielewa. Hiyo ndiyo karo ya chuo, nami kwa kuwa nimehitimu nafundisha bure. Kabla ya kulipa, omba kuliona lori lenyewe, si picha yake, uandike namba yake na simu ya dereva. Andika kila chombo kwenye mstari wake, na hali yake kilipoondoka, piga picha, nyote wawili mtie sahihi. Andika mahali pa kushusha kwa jina la mtaa, na nani atalipa gari likishindwa kupanda. Dai risiti ya mashine. Na usilipe yote: bakiza nusu mfukoni hadi uone chaga za kitanda. Bei ikiwa chini ya nusu ya wengine, jua kwamba nusu nyingine utailipa kwa njia ambayo haijaandikwa.

Mwezi uliopita kijana wa jirani, mwalimu, alipata uhamisho wa kwenda Dodoma, akaja kwenye jiwe kuniomba ushauri. Tuliandika kurasa mbili. Tulihesabu hadi vijiko. Mwenye lori alipoiona orodha ile alikunja uso, akasema kwa masharti hayo bei inapanda laki mbili. Kijana akanitazama. Nikamwambia alipe, tena ashukuru, kwa sababu sasa anaongea na mwenye lori.

Alinipigia baada ya siku mbili, mimi nikiwa nimekaa palepale. Vyombo vilikuwa vimefika vyote, na vijiko ishirini na vinne.